Shakwe mgeni Sabaki

Jamani, leo Sabaki imenipa zawadi! Pale mto unapomwaga maji baharini, kaskazini mwa Malindi, walikuwa wametulia shakwe wetu wa kila siku, wale wenye mgongo wa rangi ya moshi. Katikati yao limesimama jitu: mgongo wa kijivu hafifu, kichwa cheusi tii, vijipande vyeupe juu na chini ya jicho. Mdomo wa njano wenye pete nyeusi haukunisaidia, maana hata hawa wetu wanao. Ukubwa na mgongo ndivyo vilivyomaliza ubishi: shakwe wa Pallas, anayezaliana huko Asia ya Kati! Mwenzangu kang'ang'ania darubini yangu hadi ndege akaruka. Picha ninazo, zimetikisika kidogo, nazipandisha jioni.