Mikono ya koti

Binti yangu anaanza fildi Jumatatu. Jana usiku alipekua kabati langu, akanitokea sebuleni kavaa koti la bluu bahari, viganja vimezama, vidole tu ndiyo vinachungulia. "Mama, zuri hili, ila mikono mirefu. Si tulipeleke kwa fundi?" Alikuwa ameshalipitisha pasi, na ile harufu ikanifikia. Harufu ya mtumba. Ufue mara kumi, uanike wiki nzima, siku pasi ya moto ikiugusa tu, inaamka.

Koti lile si langu. Au ni langu, sijui.

2017. Mnakikumbuka kikoba chetu na lile wazo la mwenyekiti: mbali na hisa na mfuko wa jamii, kila mmoja atoe nguo moja ya kuingilia ofisini, kwa ajili ya akina dada waliotoka kwenye ndoa za kipigo na wanatafuta kazi. Wazo zuri. Nguo tulizoleta, Mungu atusamehe: magauni ya sendofu, blauzi zilizokwisha kutubana wenyewe, kiatu kisigino kimelegea. Kwa hiyo yule dada wa Mbagala alipoitwa usaili wa mapokezi kwenye hoteli moja mjini, na usaili wenyewe keshokutwa, nikamwambia twende Karume, soko la mitumba la Dar.

Mwaka ule wauzaji walikuwa na wimbo mmoja: chukueni, mitumba inapigwa marufuku. Wakuu wa nchi za Afrika Mashariki walikuwa wamekubaliana 2016 ikome kufikia 2019, na ushuru ulikuwa umeshapanda. (Haikukoma, kama mnavyojua mnaoivaa.) Tulifika marobota yanafunguliwa. Nilichagua mimi, nasema hivyo makusudi. Sketi nyeusi, shati jeupe, koti. Koti liliitwa 15,000, tukaondoka nalo kwa 8,000, nikajiona mjanja. Yeye alikuwa ananishikia pochi.

Fundi alikuwa pembeni na cherehani yake ya miguu, chini ya mwavuli uliopauka. Mabegani koti lilimkaa vizuri. Mikono ndiyo ilizidi, ilimfika kwenye vifundo vya vidole. Nikamwambia fundi iishie hapa, nikimwonyesha kifundo cha mkono wangu. Akatoa chaki.

"Iache," dada akasema. Taratibu, kama mtu anayeomba maji kwenye nyumba ya watu.

Nikacheka, nikamweleza. Ofisini vitu hivyo wanaviangalia, mkono ukizidi unaonekana umeazima.

"Iache tu, dada."

Nikaona ananiletea ushamba. Ndilo neno lililonipita kichwani, siwezi kulificha. Nikamwambia fundi aendelee.

Fundi akamshika mkono wa kushoto, akaanza kukunja kitambaa kwa ndani, pini mbili ziko mdomoni. Halafu akaacha. Alichokiona sikukiona, nilikuwa nimesimama upande wa pili. Nilimwona tu anavyozitoa zile pini mdomoni, moja, ya pili, anazichomeka kwenye kimto chake. Akaukunjua mkono wa koti mpaka chini, akaupapasa unyooke. Alama ya chaki akaifuta kwa kidole gumba.

"Mama," akaniambia, macho yako kwenye cherehani, "mwenye mkono ni yeye."

Akakaza kifungo kimoja kilicholegea, akakata uzi kwa meno, na pesa hakuchukua.

Kazi alipata. Siku ya kwanza wakamkabidhi sare, na gharama ya sare wakaikata kwenye mshahara wa kwanza. Yaani koti letu, pamoja na michango ya nauli na vikao vitatu vya kubishana, lilifanya kazi asubuhi moja. Sare yenyewe, nilivyosikia, ilikuwa ya mikono mifupi. Sikwenda kuangalia.

Koti alilirudisha limefuliwa, limo kwenye mfuko wa rambo. Mpeni mwingine, alisema. Tukampa mwingine, na mwingine tena, na kila mmoja alilirudisha na lalamiko lilelile. Kila kikao kulikuwa na mtu wa kusema lipunguzwe, na mimi niliyepewa kazi ya kulipeleka nilikuwa nasahau. Kikoba kikafa, tusikumbushane kwa mkopo wa nani, koti likabaki kwangu.

Karume iliungua Januari 2022. Yule fundi sijui alihamia wapi.

Binti yangu alikuwa bado amesimama, ananinyooshea mikono kama mtoto anayesubiri kuvuliwa sweta. "Basi nitampa huyu fundi wa hapa mtaani."

Nikamwambia akunje.

"Koti la suti linakunjwa mikono, mama?"

"Linakunjwa."