Daftari la mama na sufuria ya mtori

Mama tulimzika mwezi wa nane. Desemba ilipokaribia, niliwaambia wadogo zangu kwamba mwaka huo nabaki Dar. Kwa mtu wa Marangu, kule Kilimanjaro, hilo ni neno zito. Mwisho wa mwaka stendi ya Magufuli pale Mbezi hujaa watu wetu, na aliyekosa basi hupanda hata gari la mizigo ili mradi Krismasi imkute mlimani. Mimi nilikuwa naogopa kuliona jiko la mama likiwa halina moshi.

Baba akanipigia. Hakunilaumu. Alisema tu, "Mwanangu, ndizi zinaivia mgombani huku. Hakuna wa kuzila." Kesho yake nikakata tiketi.

Tulifika usiku wa tarehe 22, mimi, mume wangu, watoto wawili na wadogo zangu watatu. Asubuhi, kabla hata hatujanywa chai, mzee jirani aliingia uani na mkungu wa mshare, zile ndizi za kupikia mtori, begani, akauegemeza ukutani, akatusalimu na kuondoka. Baada yake akaja mama mmoja wa bondeni na mkungu wake. Hadi mchana ilikuwa imefika mikungu minne, na hakuna aliyekuwa ameeleza ni ya nini. Nilimuuliza baba. Akaingia chumbani, akatoka na daftari la mama, lile alilokuwa akienda nalo kwenye jumuiya.

Kurasa za mwisho zilikuwa na orodha ya majina 11, na mbele ya kila jina maneno machache kwa mwandiko wake wa kulala: "Ponda sana, hana meno." "Usitie chumvi." "Aanze huyu, hulala mapema." Mbele ya jina moja aliandika tu, "Kaa naye." Majina matatu yalikuwa na msalaba mdogo pembeni, na nilijua maana yake.

Kumbe kila tarehe 24 Desemba mama alikuwa akipika mtori, ule mchuzi mzito wa ndizi na nyama, na kuupeleka kwa wazee na wagonjwa wasioweza kutoka kitandani. Majirani walijua, ndiyo maana walileta mshare. Sisi wanawe tulikuwa tunafika usiku wa mkesha, tumechoka na safari, tunakula mtori uliobaki chini ya sufuria na kumshukuru kwa kutupikia. Miaka yote hiyo. Nilikaa kwenye kigoda pale jikoni nikalia, kwa mara ya kwanza tangu mazishi.

Nilipoinuka nilikuwa nimeamua kwamba tutapika. Sikujua naanzia wapi.

Kwetu mtori ni chakula cha mzazi aliyetoka kujifungua na cha mtu asiye na nguvu ya kutafuna. Kumpikia mtu mmoja ni kazi ndogo. Kupikia nyumba nane ni jambo jingine, na nitaeleza tulivyokosea kwa sababu huenda mwenzangu yupo atakayepitia njia hii. Tulimenya ndizi tangu jioni ya tarehe 23 tukaziacha kwenye sinia, asubuhi zikawa nyeusi tii. Utomvu ulitugandia mikononi kwa kuwa hatukujipaka mafuta. Sufuria ya kwanza ikaungua chini, moshi ukaingia ndani ya chakula chote, tukawapa nguruwe.

Shangazi ndiye aliyetuokoa. Alifika na kanga yake kiunoni, hakusema neno, akaanza upya. Mifupa ya ng'ombe ichemke kwanza peke yake mpaka nyama iachie. Ndizi zimenywe saa hiyo hiyo na zidumbukizwe kwenye maji. Zichemshwe ndani ya ule mchuzi pamoja na kitunguu, kisha zipondwe kwa mwiko zikiwa bado motomoto, maana zikipoa hubaki na mabonge. Nyama ichambuliwe nyuzi nyuzi, irudi ndani, na maziwa kidogo yatiwe mwishoni. Kabla ya chumvi, pakua kwanza cha yule asiyetakiwa kula chumvi. Hilo tungelisahau kabisa lisingekuwa daftari.

Tukagawana nyumba wawili wawili. Huko kwetu nyumba zimejificha ndani ya vihamba, yaani mashamba ya ukoo, njia ni za miguu kati ya migomba na kahawa, na mvua za vuli zilikuwa zimeacha utelezi. Baba alichukua nyumba ya mbali kuliko zote, ng'ambo ya korongo. Nilimwambia apumzike, tungemtuma kijana. Alikataa. "Huyo nilisoma naye," akasema.

Mdogo wangu wa mwisho alikuwa hajakanyaga kanisani tangu siku ya maziko. Alikuwa amemwomba Mungu sana, mama akafa, naye akanyamaza. Mimi sikumlazimisha kwenda popote. Nilimpa hotipoti na jina lile lililoandikwa "Kaa naye." Alikaa saa mbili na nusu. Aliporudi macho yake yalikuwa mekundu, akaniambia kwamba bibi yule alimshika mkono akasema, "Haika, mae," yaani asante, mama, kwa kuwa haoni vizuri na alidhani ni mama amekuja. Hakumsahihisha. Kisha bibi akaanza kuomba kwa Kichaga, akimshukuru Ruwa, yaani Mungu, kwa ajili ya mama yetu, jina kwa jina, na kwa kila mtoto wake. Alikuwa anatujua sote, na sisi hatukuwahi kufika kwake.

Usiku huo mdogo wangu alikuja kwenye ibada ya mkesha. Alisimama nyuma kabisa, mlangoni. Sijui moyoni mwake kulikuwa na nini na sikumuuliza. Imani ya mtu ina mwendo wake, nami nilitosheka kumwona pale.

Siku ya Krismasi baba alitaka tutoe sadaka ya shukrani kama familia. Hapo ndipo mimi nilipokwama. Nishukuru nini mwaka niliomzika mama? Lakini tulipopita mbele, mzee wa kanisa akasoma maneno ambayo baba alikuwa amemwandikia: tunamshukuru Mungu kwa miaka 67 aliyotuazima mama, na kwa majirani walioleta ndizi. Niliweza kusema amina kwa hayo mawili. Baada ya ibada, nje, ukafuata mnada wa sadaka za mazao, desturi ambayo sharika nyingi za KKKT, kanisa letu la Kilutheri, huku mlimani bado zinayo: mayai, kuku, miwa, maparachichi. Mkungu wetu mmoja uliuzwa. Aliyeununua, mtu tusiyemfahamu vizuri, alitangaza kwamba anaupeleka kwa wale tuliowapikia jana. Habari ilikuwa imeshatutangulia.

Mwaka uliofuata tulijipanga. Tulichangishana kwa simu tangu Novemba, tukaondoka Dar tarehe 20 Desemba. Tulinunua sufuria kubwa mbili na bakuli za mfuniko, ili mwenyeji asihangaike kuosha chombo wala kuona aibu ya kurudisha kitupu. Tulikubaliana pia kwamba hakuna kupiga picha ndani ya nyumba za watu, na hakuna kusimama mlangoni: unaingia, unaamkia shikamoo, unakaa, unalisha kama mtu hawezi kujilisha, unaondoka ukiruhusiwa. Watoto wangu walipewa kazi ya kubeba maji na kuni. Binti yangu wa miaka tisa aliuliza kama Krismasi ni hiyo kazi au ni ile pilau ya kesho yake. Nilimwambia mama yangu alizipika zote mbili, ila hii aliianza kwanza.

Orodha ilikuwa imepungua kwa jina moja na kuongezeka kwa mawili. Yule bibi wa "Kaa naye" alikuwa bado yupo, na mdogo wangu alikwishamtembelea mara mbili katikati ya mwaka bila kutuambia.

Jina la pili jipya lilikuwa la shangazi. Mguu ulikuwa umemshika tangu Pasaka, hatoki ndani. Bakuli la kwanza lilikwenda kwake. Alionja, akatulia kidogo, akasema bado hatujaponda vizuri, kisha akala mpaka likaisha. Jioni nilimkuta baba mezani na lile daftari, miwani puani, akiandika polepole chini ya mwandiko wa mama: "Ponda tena kidogo. Mpeleke mtoto akamsomee Biblia."