Nimeonyeshwa taya langu, nikawaza mota

Gego la mwisho limenisumbua hadi nikapelekwa CT ya meno hapa Mombasa, yaani eksirei inayopiga picha kutoka pande zote. Si ile eksirei ya kung'ata kifilamu. Unasimama, kidevu kwenye kishikio, mashine inakuzunguka kichwa, basi. Daktari akafungua picha kwenye kompyuta, akawa analipasua taya langu ukanda kwa ukanda kwa kipanya mpaka tukaona mzizi ulivyokaribiana na neva ya taya la chini. "Hiyo ikiumia wakati wa kung'oa, mdomo waweza kufa ganzi." Haya!

Sasa mimi ni fundi wa kusuka upya nyaya za mota, Changamwe. Akili ilikimbia kazini papo hapo. Viwanda vya mota za magari ya umeme navyo hutumia CT, ila huko mara nyingi mashine hutulia na kifaa ndicho huzungushwa juu ya kisahani. Wanaona nyaya zilivyolala ndani ya stata (sehemu ya mota isiyozunguka), kiungo kilichochomelewa vibaya, hata kitundu cha hewa ndani ya alumini ya rota (sehemu inayozunguka), na hakuna skrubu iliyofunguliwa. Shaba humeza miale sana kuliko mfupa, kwa hivyo nguvu inayotumika ni kubwa. Mota haidhuriki na miale kama mtu, kwa hivyo hakuna shida.

Sisi mota ya pampu ikiletwa imeungua ni mita, pua na patasi. Na mteja ataka bei kabla hujafungua!

Mafundi wa Kongowea na Likoni, koili iliyoshotika ndani (nyaya zake zimegusana) mnaigunduaje?