Maskati: Historia Yetu Ikitazamwa kutoka Ng'ambo

Asubuhi niliianzia katika Msikiti Mkuu wa Sultan Qaboos, uliofunguliwa mwaka 2001, ambao hata wasio Waislamu huruhusiwa kuuzuru asubuhi, isipokuwa Ijumaa. Zulia la ukumbi wa kuswalia wanaume, lililofumwa kwa mikono na wanawake wa Iran, lina uzito wa tani 21, na wageni hupitishwa juu ya njia maalumu iliyotandikwa ili lisichakae. Nilistaajabu kwa dhati, lakini moyo ulikuwa umeshatangulia Maskati ya kale, kwa sababu mtu aliyelelewa Mji wa Kale wa Mombasa haji Oman kutazama mambo ya kigeni tu.

Huko, pembeni mwa kasri la Al Alam, ngome mbili zimesimama juu ya miamba zikiikabili bahari: Jalali upande mmoja na Mirani upande wa pili. Wareno walizijenga katika miaka ya 1580, muda mfupi kabla ya kuanza kuijenga Fort Jesus yetu mwaka 1593, na mtu aliyezoea kuta za Fort Jesus hahitaji kuelezwa kwamba hizi ni za ukoo mmoja. Hata yaliyozipata baadaye yanafanana, kwani Jalali iliwahi kuwa gereza la kuogopwa, na Fort Jesus nayo ilifungiwa watu tangu mwaka 1895 hadi 1958.

Nilikaa pale muda mrefu, jua likiwa kali, nikiyapanga upya niliyofundishwa shuleni. Mwaka 1650 Imamu Sultan bin Saif, mtawala wa Oman, aliwatoa Wareno Maskati. Watu wa Mombasa, waliokuwa wamechoshwa na Wareno hao hao, wakapeleka ujumbe Oman kuomba msaada, na mwaka 1698, baada ya kuzingirwa kwa karibu miaka mitatu, Fort Jesus ikaanguka. Vitabu vyetu vilitosheka kusema kwamba mkoloni alifukuzwa. Havikukaa sana juu ya lililofuata, kwamba waliokuja kuokoa walibaki kutawala, na kwamba wazee wetu walioomba msaada walilazimika kupigania nafasi yao upya mbele ya mtawala mwingine. Nadhani mambo yote mawili yanastahili kusemwa kwa pamoja, bila kulipunguza lolote, na nilifurahi kwamba hatimaye niliweza kuyafikiria nikiwa upande wa ng'ambo.

Makumbusho ya Taifa yako mkabala na kasri. Chumba cha historia ya bahari kilinishika zaidi ya vingine, kwa kuwa mifano ya vyombo iliyomo ilinikumbusha mitepe ya Lamu, iliyoshonwa kwa kamba bila misumari. Lakini siwezi kulitazama jahazi la karne ya 19 nikafikiria tende na karafuu peke yake. Majahazi yalibeba pia watu waliokamatwa bara, na soko la watumwa la Unguja halikufungwa hadi mwaka 1873. Niliwaombea dua nikatoka.

Jioni nilikwenda soko la Mutrah, ambako moshi wa ubani wa Dhofar humpokea mtu kabla hajaingia. Nilikuwa nikichagua ubani nilipomsikia mzee mwenye duka akizungumza kwenye simu kwa Kiunguja safi kabisa. Alipomaliza nikamwamkia.

"Shikamoo, mzee wangu."

"Marahaba, mwanangu. Wewe wa wapi?"

Nilipomwambia Mombasa, akaagiza halwa na kahawa yenye hiliki, kisha akataka kujua kama embe ngowe bado zinafika sokoni kwa wingi. Alizaliwa Unguja, akaondoka kijana baada ya Mapinduzi ya 1964, na akaja Oman wakati Sultan Qaboos, aliyeshika utawala mwaka 1970, alipowaita Waomani walioko nje warudi kulijenga taifa. Kurudi, alisema, ni neno la serikali. Yeye alikuwa hajawahi kuiona nchi hii. Unguja aliitwa Mwarabu, na hapa, kwa kuwa Kiarabu chake kilikuwa kizito, wakamwita Mzanzibari. Alilieleza hilo bila kulalamika, jambo lililonigusa zaidi kuliko kama angelia.

Wajukuu zake, alisema, wanaelewa Kiswahili lakini humjibu kwa Kiarabu. Nilimwomba idhini ya kurekodi masimulizi yake. Alifikiri kidogo, akasema mkewe ndiye mwenye kumbukumbu, na kwamba nikifika nyumbani kwao kesho baada ya alasiri nitamkuta. Nilikuwa nimeshalipia safari ya kwenda kuiona ngome ya Nizwa; nimeiahirisha, na usiku huu ninaandika maswali ya kumuuliza bibi.