Trier katika Mwaka wa Marx

Treni itokayo Koblenz kwenda Trier hufuata mto Mosel kwa sehemu ya safari yake, na msafiri aliyekaa upande wa mto huiona mizabibu iliyopandwa kwenye miteremko mikali hata akajiuliza wavunaji husimama vipi. Niliipita njia hiyo mwezi wa Julai 2018. Mji wa Trier ulikuwa katikati ya sherehe za miaka 200 tangu kuzaliwa kwa Karl Marx, aliyezaliwa humo tarehe 5 Mei 1818, na maonyesho makubwa yaliyofunguliwa siku hiyo ya Mei yalikuwa yaendelee hadi tarehe 21 Oktoba. Nilikuwa na sababu yangu ya kwenda. Nilikulia Unguja, jirani na majumba ya Kikwajuni ambayo Ujerumani Mashariki ilisaidia kuyajenga baada ya Mapinduzi ya 1964, na jina la Marx nililisikia mikutanoni na redioni miaka mingi kabla sijafikiri kwamba lilikuwa jina la mtu aliyekuwa na mama, mke, watoto na madeni.

Trier ni mji mdogo wenye wakaazi wapatao 110,000. Ulianzishwa na Warumi, nao hujihesabu kuwa mji mkongwe kuliko yote ya Ujerumani. Wageni wengi huvutwa na Porta Nigra, lango kubwa la mawe meusi lililojengwa katika karne ya pili, na kanisa kuu ambamo huhifadhiwa kanzu inayoaminiwa na waumini kuwa ni ya Yesu. Ni mji wa Wakatoliki na wa wakulima wa zabibu, ambao haukupata kuwa kitovu cha viwanda vikubwa, kwa hiyo haishangazi kwamba kwa muda mrefu haukujua umfanye nini mwanawe huyu. Upande wa mashariki wa nchi, serikali ya kikomunisti iliupa mji wa Chemnitz jina la Karl-Marx-Stadt kuanzia 1953 hadi 1990, ijapokuwa Marx mwenyewe hakupata kuishi huko. Trier, uliokuwa Ujerumani Magharibi, haukuona sababu ya kushindana.

Jambo lililozua mabishano makubwa lilikuwa zawadi. Serikali ya China ilijitolea kuupa mji sanamu ya shaba iliyotengenezwa na mchongaji Wu Weishan, na pendekezo la kwanza lilikuwa la kimo cha zaidi ya mita sita. Wakubwa wa mji walisimamisha kwanza umbo la mbao uwanjani ili wananchi waone ukubwa wenyewe kwa macho yao, utaratibu ambao niliupenda sana, maana kwetu sanamu za viongozi hufunuliwa zikiwa zimekwisha kujengewa. Hatimaye baraza la mji liliipokea ikiwa imepunguzwa. Pamoja na kitako chake ina mita 5.5, tarakimu zinazoashiria siku na mwezi wa kuzaliwa kwake, na uzito wake ni tani 2.3. Siku ya kuifunua, wafuasi wenye bendera nyekundu walikusanyika karibu na watu waliokuja kuwakumbuka walioteswa chini ya tawala za kikomunisti, huku wengine wakipinga mji kupokea zawadi ya serikali inayowafunga wakosoaji wake.

Niliikuta sanamu katika uwanja wa Simeonstift, hatua chache kutoka Porta Nigra, Marx akiwa amevaa koti refu, anatembea, kitabu mkononi. Watalii walikuwa wakipanga foleni kupigwa picha miguuni pake. Kwa maoni yangu ni kazi ya fundi stadi isiyosema kitu. Mtu huyo wa shaba ametulia mno. Hana dalili ya kuwa na majipu, wala ya kudaiwa na muuza mkate, wala ya kuandika barua za matusi usiku wa manane, mambo ambayo Marx mwenyewe aliyajua vizuri.

Biashara nayo haikulala. Ofisi ya watalii ilikuwa ikiuza noti ya euro sifuri yenye sura ya Marx kwa bei ya euro tatu, na chapa ya kwanza ilikwisha upesi hata ikabidi zichapwe nyingine. Penye kivuko kimoja cha waenda kwa miguu, taa nyekundu inaonyesha Marx aliyenyoosha mikono kuwazuia wapitao, na ya kijani inaonyesha Marx akitembea na kitabu kwapani. Katika mtaa wa Simeon ipo nyumba ambayo wazazi wake waliinunua mwaka 1819 na ambamo alikaa hadi alipoondoka kwenda chuo kikuu cha Bonn mwaka 1835, akiwa na umri wa miaka 17. Ghorofa yake ya chini ilikuwa duka la bidhaa za bei nafuu. Kila mgeni hucheka hapo, na wenyeji wamezoea kicheko hicho.

Maonyesho yenyewe yaligawanywa katika makumbusho mawili makuu, na ilikuwa lazima kuyaona yote mawili. Makumbusho ya jimbo, Rheinisches Landesmuseum, yalishughulikia kazi na fikra zake katika mazingira ya karne ya 19, yaani reli, viwanda, umaskini wa mijini, udhibiti wa magazeti na mapinduzi ya 1848. Makumbusho ya mji yalifuata maisha yake kwa kufuata miji aliyoishi, kuanzia Trier na Bonn, kisha Berlin, Köln, Paris, Brussels, hadi London alikofia tarehe 14 Machi 1883. Waandaaji waliamua kwa makusudi kukomea mwaka huo wa kifo. Uamuzi huo uliwaudhi baadhi ya watu, na nitaurudia.

Sehemu iliyonisimamisha kwa muda mrefu kuliko zote ilikuwa ile ya Köln, ambako Marx, akiwa kijana wa miaka 24, alipewa uhariri wa gazeti la Rheinische Zeitung mwaka 1842. Bunge la jimbo lilikuwa limejadili sheria ya kuwaadhibu maskini waliookota kuni katika misitu ya mabwana. Kwa vizazi vingi wanavijiji walikuwa wakiokota matawi yaliyoanguka, na hakuna aliyeuita huo wizi. Bei ya mbao ilipopanda, wenye misitu wakataka mkono wa dola uwalindie hata vijiti vikavu. Marx, aliyesomea sheria, aliandika mfululizo wa makala kuonyesha kwamba sheria hiyo ilimfanya mwenye msitu kuwa mdai, hakimu na mlipwaji kwa pamoja. Nilipokuwa nikisoma maelezo hayo niliwafikiria akina mama wanaorudi na mizigo ya kuni vichwani kutoka pembezoni mwa hifadhi zetu, wakiangalia nyuma kama askari wa misitu anakuja. Sikuhitaji nadharia yoyote ili kuelewa. Mapema mwaka 1843 akaandika juu ya wakulima wa zabibu wa bonde la Mosel, watu wa nyumbani kwake, ambao bei ya mvinyo wao ilikuwa imeanguka baada ya umoja wa forodha wa 1834 kuwaletea washindani kutoka majimbo mengine, na ambao malalamiko yao maofisa wa Prussia, dola iliyotawala eneo hilo, waliyaona kuwa utovu wa adabu. Gazeti lilipigwa marufuku kabla ya mwaka kufika katikati. Baadaye Marx alieleza kwamba mambo hayo ya kuni na ya Mosel ndiyo yaliyomsukuma kwa mara ya kwanza kuchunguza masuala ya uchumi, na mimi naona kwamba laiti mji ungetaka sanamu iliyo yake kweli, basi hapo ndipo ungeanzia.

Kwa upande wa London maonyesho hayakumpamba. Kati ya watoto saba aliozaa na Jenny von Westphalen, binti wa ofisa wa Trier, ni mabinti watatu tu waliofikia utu uzima. Mwaka 1852 alimwandikia rafiki yake Friedrich Engels kwamba hawezi kutoka nje kwa kuwa makoti yake yamewekwa rehani. Engels alikuwa akimtumia fedha kutoka Manchester, zilizotokana na kiwanda cha pamba ambacho baba yake alikuwa mbia, kwa hiyo Das Kapital, kitabu kilichotolewa mwaka 1867 kuwashtaki mabepari, kiliandikwa kwa sehemu kubwa kwa fedha za bepari. Uraia wa Prussia aliuacha mwaka 1845, na alipoomba uraia wa Uingereza mwaka 1874 alikataliwa. Alikufa bila uraia wa nchi yoyote, jambo ambalo hotuba za maadhimisho ya kitaifa hulipita haraka.

Makumbusho ya kanisa kuu nayo yalikuwa na onyesho lao kuhusu thamani ya kazi, la wasanii wa sasa. Nililipitia kwa haraka kwa sababu ya uchovu, na nadhani lilistahili siku yake peke yake.

Nyumba aliyozaliwa, iliyopo Brückenstraße 10, niliiacha mwisho. Ni nyumba ya mwaka 1727, na wazazi wake walikuwa wapangaji tu. Chama cha SPD, yaani cha wasoshalisti wa kidemokrasia wa Ujerumani, kiliinunua mwaka 1928, Wanazi wakainyang'anya mwaka 1933 na kuifanya ofisi ya gazeti lao, na mwaka 1947 ikafunguliwa kuwa makumbusho. Sasa imo mikononi mwa wakfu wa Friedrich Ebert, ambao wengi wetu tunaujua kwa semina zake za Dar es Salaam. Onyesho lake jipya, lililofunguliwa Mei hiyo hiyo, ndilo linaloanza pale yale mengine yalipokomea, kwa kueleza yaliyotendwa kwa jina la Marx baada ya kufa kwake. Kifaa kinachowavuta watu ni kiti chake cha kusomea, cha ngozi iliyochakaa.

Karibu na kiti hicho nilizungumza na mzee mmoja aliyelelewa Leipzig, Ujerumani Mashariki, ambaye shuleni alilazimishwa kukariri mafungu ya Marx na hakuwa ameyasamehe. Alisema kuyakomesha maonyesho makuu mwaka 1883 ni kumkwepesha mshtakiwa mahakama. Nilimweleza kwamba kwetu mambo yalikwenda kwa njia nyingine. Mwalimu Nyerere aliujenga ujamaa juu ya udugu wa jamaa ya Kiafrika na akakataa kuufanya uadui wa matabaka kuwa msingi wake, ilhali Abdulrahman Babu, Mzanzibari aliyemsoma Marx kwa bidii, alimpinga katika hilo na baadaye akakaa kizuizini tangu 1972 hadi 1978. Kwa hiyo, nilimwambia, kwetu aliyefungwa ndiye aliyekuwa mfuasi wa Marx. Mzee alifikiri kidogo, akauliza ni nani basi aliyemfunga. Nikamjibu kwamba ni serikali ya kijamaa. Akasema kwamba hilo halimwokoi Marx hata chembe. Mimi nikashikilia kwamba mwandishi wa makala za kuni hawezi kubebeshwa kila gereza lililojengwa na watu waliomsoma nusu nusu. Tuliendelea hivyo hadi mhudumu alipokuja kutuambia kuwa wakati wa kufunga umefika, na mzee akanifuata mpaka mlangoni akiwa bado na hoja yake ya mwisho, kwamba mwandishi anayetaka kuubadilisha ulimwengu hawezi kudai alikuwa akiueleza tu.