Namna ninavyoyasoma maneno nisiyoyajua

Nilipochaguliwa kuwa katibu wa kikundi chetu cha kuweka na kukopa huku Mbagala, nilikuta kwamba sehemu kubwa ya kazi ni kusoma: katiba ya kikundi, mikataba ya mikopo, barua za benki, na vipande vya magazeti ambavyo wanachama huniletea wakitaka kufafanuliwa. Elimu yangu ni ya darasa la saba, na mengi ninayasoma ndani ya daladala ya Kariakoo, mahali ambapo hata kuifungua kamusi ni shida. Ilinibidi nijizoeze kuliuliza neno gumu kupitia majirani zake.

Msaada wa kwanza niliupata kwenye ngeli, somo ambalo wengi tuliliacha hukohuko shuleni. Katika habari moja ya miradi ya meli za Ziwa Victoria, zilitajwa kazi za kuunda MV Mwanza, kukarabati MV Victoria na MV Butiama, na kujenga chelezo kitakachotumika kuundia meli hiyo mpya. Neno chelezo lilikuwa geni kwangu. Hata hivyo, kiambishi cha mwanzo katika “kitakachotumika” kilionyesha kuwa si mtu, na huenda ni kitu, na kauli ya kutendea katika “kuundia” ilionyesha kuwa ni mahali au chombo cha kufanyia kazi ya uundaji. Umbo la neno lilinipa njia mbili, yaani eleza ya kufafanua na elea ya kukaa juu ya maji. Lakini kwa kuwa maelezo hayajengwi na mkandarasi, nilibaki na ile ya maji, nikahitimisha kuwa ni sehemu ya ufukweni ambapo meli huundwa au hutengenezwa kisha ikashushwa ziwani. Kamusi ya jirani yangu, ambaye ni mwalimu, iliafiki.

Viunganishi navyo husema mengi. Nikisoma kwamba mzee fulani alijulikana kwa ukwasi ilhali nduguye hakuwa na uhakika wa mlo, neno ilhali linatosha kunijulisha kuwa ukwasi ni utajiri. Neno “au” ninaliamini kwa tahadhari, maana mara huleta kisawe, mara huleta kitu tofauti kabisa.

Kwa maoni yangu, maneno yanayosumbua zaidi ni yale tunayodhani tunayajua. Dhamana ni mfano ninaowapa wanachama wapya. Waziri mwenye dhamana ya ardhi ni yule aliyekabidhiwa jukumu hilo. Mshtakiwa aliyeachiwa kwa dhamana anasubiri kesi yake akiwa nje ya mahabusu. Na kiwanja kilichowekwa dhamana ya mkopo kinaweza kuuzwa deni lisipolipwa. Gazeti moja linaweza kubeba maana zote tatu, na kinachozitenganisha ni majirani tu: waziri na wizara, mshtakiwa na mahakama, mkopo na marejesho. Ndiyo sababu, baada ya kukisia maana, huliondoa neno hilo na kuweka lile ninalolidhania, kisha huisoma sentensi yote upya pamoja na inayofuata. Ikigoma mahali popote, naanza tena.

Njia hii nimeiwekea mpaka. Katika hadithi au habari za kawaida, makisio yanatosha na hayafai kukatiza usomaji. Katika mkataba, makisio ni maandalizi ya kuuliza swali. Benki ilipotuletea rasimu yenye neno rehani, niliandika pembeni kwa penseli kwamba huenda ni mali inayoshikiliwa kwa ajili ya deni, kwa sababu sentensi iliyofuata ilieleza haki ya mkopeshaji kuiuza. Kisha nilimwomba ofisa mikopo atueleze kwa maandishi ni mali ipi, ya nani, na inaachiliwa lini, kabla ya mwanachama yeyote kutia saini.