Ndoo ya Daisy

Jana jioni binti yangu alinifuata jikoni na daftari lake la Kiingereza. Wamepewa nahau kumi watafute maana. Tisa kamaliza, ya kumi imemgomea: "kick the bucket".

"Baba, si ni kupiga teke ndoo?"

Nikaweka kisu chini, viazi vikasubiri. Miaka ishirini na kitu iliyopita nilisema hivyo hivyo, tena mbele ya watu.

Ilikuwa Rungwe, juu kidogo ya Tukuyu, kipindi kile nakaa nyumbani nikisubiri matokeo ya kidato cha nne. Mzee mmoja wa Kiingereza, mfugaji aliyestaafu, alikuja kuwatembelea kina mama wa kikundi cha ng'ombe wa maziwa. Mkalimani hakutokea. Mtu akakumbuka kwamba kwetu kuna kijana anayejua Kiingereza. Kweli nilikijua, lakini cha ubaoni; cha mdomoni nilikuwa sijawahi kukutana nacho.

Mwanzo ulienda vizuri. Mabingobingo, pumba, kupe, dawa ya minyoo. Mvua ikaanza kupiga bati, tukasogeleana. Ndipo mzee akamleta Daisy kwenye maongezi, ng'ombe wake wa kwanza, zawadi ya baba yake. Akavua miwani, akasema taratibu kwamba asubuhi moja ya baridi Daisy "kicked the bucket".

Teke nalijua. Ndoo naijua. Nikatangaza kwa sauti ya mtu aliyefaulu: "Asubuhi moja, Daisy akapiga teke ndoo!"

Kina mama wakaguna wote kwa pamoja. Hakuna aliyecheka. Ukiamka saa kumi na moja alfajiri ukakamua lita nane, halafu ukaziona zinatiririka kwenye samadi, hutacheka. Bibi mmoja aliyekaa karibu na mlango, kanga mbili mabegani, mabuti ya mvua yameganda tope, akaniita.

"Mwanangu, hebu muulize, walikuwa wanamfunga miguu ya nyuma?"

Hakungoja jibu. Akavuta kamba ya katani kutoka chini ya benchi, akaizungusha kwenye miguu miwili ya kiti, ikapishana katikati kama namba nane, akaikaza hadi kiti kikalia. "Hivi. Na kwanza amkande kiwele kwa maji ya moto. Ng'ombe hapigi teke bure, huenda chuchu inamuuma."

Nikamgeukia mzee, nikamuuliza kama walimfunga Daisy miguu.

Akanitazama kwa muda. "Baada ya kufa?"

Hapo ndipo nilipoelewa, na masikio yakanichemka. Nilikuwa na kama sekunde tatu za kuwa mkweli. Nikamwambia mzee: bibi anakupa pole kwa msiba.

Akainuka. Akavuka chumba, akaishika mikono ya bibi yote miwili, kamba ikiwa bado imo humo, machozi yanamlenga. "Ndaga fijo," akasema, yaani asante sana kwa Kinyakyusa. Walikuwa wamemfundisha asubuhi ile ile. Bibi akanigeukia, kaguswa naye: "Masikini. Mtu mzima, nywele nyeupe, kumbe hakupata wa kumwonyesha kufunga ng'ombe."

Mengine hayana urefu. Nilipewa elfu tano na lita ya maziwa, nikanyamaza. Matokeo yalipotoka, Kiingereza nilipata C.

Miaka mingi baadaye nilikuja kuona kwamba Francis Grose aliiandika nahau hiyo, kwa maana ya kufa, katika kamusi yake ya lugha ya mitaani iliyotoka London mwaka 1785. Na wapo wanaoamini kwamba ndoo yenyewe wala si ndoo, ni boriti la kumning'inizia nguruwe wa kuchinjwa. Kwa hiyo hata ndoo sikuipata.

Kama niliwadanganya au niliwapatanisha, sijui. Kila nikijishtaki namkumbuka mzee akipanda gari huku akipunga mkono, na bibi akipunga na kamba yake.

Binti alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza kwa nini Waingereza wasiseme tu amekufa. Nikamwambia mbona hata sisi tunasema fulani amekata kamba.

Akafikiri kidogo, kalamu mdomoni. "Ungesema Daisy amekata kamba, yule bibi angeuliza mlimkamatia shamba la nani."